Mama Asiyekuwa na Binti: Maoni Yetu Juu ya Picha ya "Mother India"

Katika kurasa hizi tumezoea kuzungumza juu ya ngeli, vitendawili na mitihani. Leo tunaomba ruhusa ya wasomaji tuzungumze juu ya picha ya sinema, tena picha ya Kihindi, tena kongwe. Atakayeuliza yahusu nini na mafundisho ya Kiswahili, tunamsihi avute subira. Huenda akaona baadaye kuwa yahusu, na huenda asione.

Picha yenyewe ni Mother India, iliyoongozwa na Mehboob Khan na kuanza kuonyeshwa mwezi wa Oktoba mwaka 1957. Ni ndefu, karibu saa tatu kamili, na ndani yake mna nyimbo 12. Hadithi yake Mehboob Khan alikuwa amekwisha kuisimulia mara moja, mwaka 1940, katika picha aliyoiita Aurat, neno ambalo kwa Kihindi na Kiurdu lina maana ya mwanamke. Wanazuoni miongoni mwetu watalitambua neno hilo, kwani asili yake ni Kiarabu, na katika Kiarabu hutaja kile kinachopasa kusitiriwa mwilini. Hadithi iliporudiwa baada ya miaka 17, mwanamke aliondolewa katika jina, akawekwa mama. Jina hilo la pili nalo lilichaguliwa kwa makusudi. Mwaka 1927 Mmarekani mmoja, Katherine Mayo, alitoa kitabu chenye jina hilohilo, akawashutumu Wahindi hasa kwa jinsi walivyowatendea wanawake wao. Mehboob Khan alilitwaa jina hilo ili alijibu. Basi msomaji aone tangu mwanzo kwamba picha hii ilizaliwa katikati ya ugomvi juu ya wanawake, na kwamba wagombanao, kama ilivyo desturi, hawakuwa wanawake wa vijijini wenyewe.

Sisi tuliiona kwa mara ya kwanza mwaka 1963 mjini Jinja, tukiwa na umri wa miaka 10. Siku hizo kumbi za sinema za miji yetu zilikuwa mikononi mwa Waasia, na picha za Kihindi zilitazamwa na watu wa kila kabila. Mama yetu alikuwa mjane wa mwaka wa pili. Fedha za tikiti alizipata wapi hatujui hata leo, ila twakumbuka kwamba mkono mmoja alitushika sisi, na mkono wa pili alimshika dada yetu, aliyekuwa na miaka 14, na kwamba sote watatu tulikaa viti vya mbele kabisa, mahali ambapo mtu hutazama picha kama atazamavyo mwezi, shingo juu.

Kihindi hatukukijua. Walakini sikio la mtoto aliyelelewa kwa Kiswahili halikosi la kuokota. Dunia tuliisikia ikitajwa, tukaijua. Wakati tuliusikia. Mla riba alipolifungua daftari lake tulisikia hesabu na kitabu, kila kimoja kimepungua irabu ya mwisho tu, na rupia hazikuhitaji mkalimani. Tulidhani Wahindi wameiba maneno yetu. Baadaye tulipofundishwa habari za maneno ya mkopo tuliona haya kidogo, lakini furaha ya siku ile haikutoka, na hata tulipokuwa walimu tulikuwa tukiitumia darasani: tulimwambia mwanafunzi asikilize redio ya Kihindi kwa dakika tano, ahesabu maneno ayajuayo. Ni somo ambalo halina kitabu, wala halijapata kumchosha mwanafunzi yeyote.

Kwa ajili ya wale wasiopata kuiona picha hii, tuisimulie kwa ufupi. Bibi kizee, Radha, anaombwa na watu wa kijiji chake aufungue mfereji wa kumwagilia mashamba. Ni India ya baada ya uhuru, India ya mabwawa, matrekta na mipango ya miaka mitano. (Watu wazima waliotuzunguka ukumbini waliguna kwa kuelewa, wengi wao walikuwapo mwaka 1954 Malkia Elizabeth alipolifungua bwawa la Owen Falls hapohapo Jinja.) Radha anavishwa koja la maua, analinusa, na harufu yake inamrudisha siku ya arusi yake. Arusi hiyo ilifanywa kwa fedha za mkopo, rupia 500, ambazo mama mkwe alizichukua kwa Sukhilala, mla riba wa kijiji. Wazee wetu wana neno juu ya jambo hilo: kukopa arusi, kulipa matanga. Mama mkwe hakujua kusoma. Shauri lilipofika mbele ya wazee wa kijiji, neno lililoandikwa lilishinda neno lililosemwa, ikaamriwa kuwa Sukhilala achukue robo tatu ya mavuno kila mwaka, na hiyo ni riba tu, deni lenyewe liko palepale.

Mume wa Radha, Shamu, katika kuivunja ardhi yenye mawe ili wapate cha kula, anapondwa mikono yote miwili na jiwe kubwa. Mla riba anamdhihaki kwamba anakula jasho la mkewe. Usiku mmoja Shamu anaondoka, haonekani tena. Linafuata gharika, linafuata njaa, watoto wanakufa. Sukhilala anaahidi chakula ikiwa Radha atakubali kuwa wake, na Radha, akiwa ametapakaa matope, anakwenda hadi nyumbani kwa mtu huyo; lakini pale mbele ya sanamu ya Lakshmi anarudiwa na nguvu zake, anampiga mla riba na kutoka. Kisha anawaimbia wanakijiji wanaohama wasiiache ardhi yao. Wanarudi. Wana wawili waliobaki wanakua: Ramu mpole, na Birju mkali ambaye hajaisahau hesabu ya Sukhilala. Birju anageuka kuwa jambazi, anamwua mla riba, anayachoma madaftari, na anamteka binti ya mla riba, Rupa, siku ya arusi yake. Radha anaishika bunduki na kumwua mwanawe kwa mkono wake. Hapo tunarudi kwenye mfereji: maji yanatoka mekundu kama damu, kisha yanatakata.

Juu ya muziki hatutasema mengi, si kwa sababu hauna thamani bali kwa sababu wasomaji wengi wanaujua kuliko sisi. Ulitungwa na Naushad, na maneno ya nyimbo yakatungwa na Shakeel Badayuni. Miongoni mwa walioimba wamo Lata Mangeshkar, Shamshad Begum na Mohammed Rafi. Taarabu ya pwani ilichota sana katika kisima cha picha za Kihindi, na kisima hicho na sisi tulikuwa tumekwisha kukitilia maji yetu, maana Siti binti Saad alikwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi nyimbo zake. Jambo moja tu tungependa mwalimu wa ushairi alitazame. Katika picha hii mambo yasiyosemeka kwa maneno ya kawaida husemwa kwa wimbo. Radha hawahutubii wanakijiji, huwaimbia. Na wanaume wenye mizigo kichwani, ambao wasingesimama kumsikiliza mwanamke akitoa shauri barazani, wanasimama kumsikiliza akiimba. Je, si hivyohivyo kwetu? Mwanamke wa pwani alipewa wimbo kabla ya kupewa neno katika baraza, na aliyoyasema ndani ya wimbo mara nyingi yalikuwa yale ambayo barazani yangemletea kesi.

Lakini picha ambayo kila mtu aliyeiona Mother India anaikumbuka hata kama amesahau mengine yote ni ile ya plau. Radha hana ng'ombe. Anaivaa nira begani mwake, kamba zimemkaza kifuani, anainama hadi uso unakaribia udongo, na anaivuta plau yeye mwenyewe. Nargis, aliyeigiza, alikuwa bado hajatimiza miaka 30, naye aliigiza msichana, mama na bibi kizee. Mwaka 1958 alipewa tuzo ya mwigizaji bora wa kike katika tamasha la Karlovy Vary, na picha ilifika katika mashindano ya Oscar kule Marekani, ikashindwa na picha ya Fellini wa Italia. (Kioja kimoja: walipokuwa wakipiga picha ya moto, marundo ya nyasi kavu yaliwaka kupita kiasi na Nargis akazingirwa. Aliyejitosa kumwokoa ni Sunil Dutt, yaani Birju, mwanawe katika hadithi. Mwaka 1958 wawili hao walioana. Watazamaji wa Jinja walipopata habari hii walikataa katakata kuisadiki.)

Tulipoiona plau ile, mama yetu alilia. Hakulia kwa sauti. Tulihisi mkono wake tu ukitukaza. Tulijua analia nini. Baba alifariki mwaka 1961. Matanga yalipoanuliwa, wakubwa wa ukoo walimwita mama wakamweleza kwamba atarithiwa na mdogo wa marehemu, na kwamba akikataa atakuwa ameliacha shamba. Alikataa. Maneno yalikuwa mengi. Mwishowe, kwa ajili ya mtoto wa kiume, aliachiwa kipande cha chini, penye mawe, na karatasi ikaandikwa, akatia dole gumba mahali alipoonyeshwa. Hatutamtaja mtu, wengi wao wamekwisha tangulia mbele ya haki. Tangu siku hiyo mama alikuwa akiondoka alfajiri na jembe na kurudi magharibi. Basi kwetu sisi Radha hakuwa Mhindi hata kidogo. Kwa miaka mingi, kila tulipoulizwa ni picha gani iliyo bora kuliko zote, tulijibu bila kusita, na tukieleza sababu tulisema: kwa kuwa inampa mwanamke heshima yake. Mwaka 1975, Mwaka wa Kimataifa wa Wanawake, tulitoa hotuba shuleni tukamtaja Radha kuwa mfano wa ukombozi wa mwanamke. Tulipigiwa makofi sana.

Ilipita zaidi ya miaka 60 kabla ya kuiona tena. Waasia walifukuzwa mwaka 1972 kwa amri ya siku 90, na kumbi zikabadilika. Kisha vikaja vibanda vya video, ambamo vijei husimama na kipaza sauti akiifasiri picha kwa Kiganda na kuitia chumvi kila inapopoa. Juzi, wakati wa likizo, mjukuu wetu aliitoa Mother India katika simu yake na kuirusha kwenye televisheni. Tulikuwa nyumbani kwa dada yetu, katika kipande kilekile cha chini. Maneno ya Kiingereza yalipita chini ya kioo, na mjukuu akawa ndiye vijei wetu. Dada, ambaye amekwisha kupita miaka 75, alitazama kimya tangu mwanzo hadi mwisho, miguu kainyosha mkekani. Maji yalipokwisha kutakata alituuliza:

"Mwalimu, huyu mama hakuzaa binti?"

Tulimjibu kwamba hapana, alizaa wana wa kiume tu.

"Nilijua," akasema. "Angalizaa binti, wewe usingeipenda picha hii."

Tulikasirika, tunakiri. Tulitaka kumweleza mambo ya sanaa, ya taifa, ya ishara. Lakini yeye alikuwa amekwisha inuka kwenda kutazama chai, na usiku ule tulibaki na swali lake kitandani.

Maana ukweli ni huu. Siku ile ukumbini, wakati mama akitukaza mkono, dada alikuwa na miaka miwili tangu atolewe shule. Alikuwa darasa la 3. Plau ya nyumbani kwetu ilivutwa na watu wawili, na wa pili alikuwa yeye, kusudi sisi tusome. Na aliyemtoa shule si amu yetu, wala si wazee wa ukoo, wala si mkoloni. Aliyemtoa ni mama. Mama yuleyule aliyekataa kurithiwa, aliyesimama peke yake mbele ya baraza la wanaume bila kutetemeka. Alipiga hesabu ya jasho aliyokuwa nayo na mdomo uliopaswa kulishwa, akachagua. Hatumlaumu. Tunasema tu kwamba kwa miaka yote hiyo tuliposimulia habari za mama yetu shujaa, hatukupata hata mara moja kuitaja sehemu hiyo, na hotuba yetu ya mwaka 1975, iliyopigiwa makofi, haikuwa nayo.

Tulipoitazama picha kwa mara ya tatu, peke yetu, tuliitazama kwa jicho la swali lile, na tukaiona nyingine. Radha ana nguvu za kutisha, hilo halina ubishi. Lakini tukiuliza nguvu hizo anazitumia kwa ajili ya nani, hatuoni hata pumzi moja iliyo yake mwenyewe. Anavuta plau kwa ajili ya wana. Anaimba kwa ajili ya kijiji. Anaua kwa ajili ya heshima ya kijiji. Baada ya msiba, wanakijiji waliorudi wanasimama shambani wamejipanga kwa umbo la ramani ya India, India kabla ya kugawanywa mwaka 1947, na hapo mtazamaji anaelewa kwa nini jina la picha limebadilishwa: mwanamke anaweza kudai kitu, ramani haidai. Ukimfanya mwanamke kuwa nchi, au ardhi, au lugha (na sisi walimu wa lugha tunayo mazoea hayo, ya kusema lugha mama kisha tukamsahau mama), umemtukuza mahali ambapo hawezi kukuuliza neno.

Tazameni pia habari ya Shamu. Mkono wa Shamu ukikatika, uanaume wake umekatika. Hawezi kuketi akilishwa na mkewe, na mchezo wa sinema unamwachia aende zake kana kwamba hilo ni jambo la maumbile. Lakini mama yetu aliwalisha watu watatu, wala hakuna aliyedhani kwamba sisi, mwanamume mtarajiwa, tungepaswa kuona haya kula jasho la dada. Haya ya mwanamume huja kwa mkewe tu. Kwa mama na dada hula akashiba.

Sasa tufike kwenye neno moja, kwa sababu sisi ni walimu na neno ndilo mali yetu. Wakati Radha anapoinua bunduki, sababu anayoitoa ni laaj. Birju ni mwanawe, lakini Rupa ni binti wa kijiji kizima, na Radha yuko tayari kumtoa mwanawe lakini si laaj. Mjukuu wetu alilifasiri "heshima". Tulilikataa. Heshima ni neno pana mno. Mzee ana heshima, bendera ina heshima. Tulijaribu "haya", ambalo Kiurdu nacho kinalo, lakini haya hukaa moyoni mwa mtu mwenyewe, na laaj yaonekana kukaa mikononi mwa watu wengi. Tulijaribu "fedheha", tukaona hiyo ni laaj iliyokwisha kuvunjika. Tulikaribia zaidi tulipofika kwenye "sitara", kile kimfunikacho mwanamke, ambacho wengine wote hukilinda na wengine wote huweza kumwondolea. Kila mwalimu aliyefundisha Utendi wa Mwana Kupona, ambao mama wa Pate alimtungia bintiye mwaka 1858, anaijua dunia ya neno hilo. Na hapo ndipo tuliporudi kwenye jina la zamani la picha, Aurat, kile kipasacho kusitiriwa. Tofauti ya Mwana Kupona na Radha ni hii moja: Mwana Kupona, maneno yake tuyapende au tusiyapende, alikuwa akizungumza na binti.

Lakini tusimpunje Mehboob Khan. Wako wasemao kuwa picha hii ni ya kumtumikisha mwanamke tu, na sisi hatukubaliani nao. Anayehukumu mwishoni ni nani? Wazee walioamua ile robo tatu ya mavuno hawana la kusema. Rupa ni binti wa adui, mtoto wa mtu aliyemfuata Radha kwa njaa yake. Mgala muue na haki yake mpe, lakini ni wangapi kati yetu wangempa? Radha anampa. Anamwona yule msichana, ambaye baba yake alimtumia Radha kama bidhaa, na anakataa msichana huyo naye atumiwe kama bidhaa kulipizia deni la wanaume. Kwa kisasi cha Birju, Rupa ni ukurasa wa daftari tu. Kwa Radha ni mtu. Hiyo nayo ni aina ya ukombozi, na sijui kama picha nyingi za siku hizi, zenye wanawake warukao na bunduki, zimefika hapo. Tumesema "sijui", mhariri na aiache, maana ni kosa lililotoka moyoni.

Kilichotuuma zaidi ni jambo dogo ambalo mara ya kwanza halikutupitia hata akilini. Birju anamwendea msichana mmoja wa kijijini ajuaye kusoma, ili afundishwe apate kulisoma daftari la Sukhilala. Ni sehemu fupi, tena ya mzaha. Birju hana subira, herufi hazimkai, masomo yanakatika, na mwishowe, asichoweza kukisoma anakitia moto. Watazamaji hushangilia moto ule. Hata sisi tulishangilia. Lakini msichana aliyejua kusoma alikuwapo. Mkopo ule ulianza kwa mwanamke asiyejua kusoma, na kijiji kizima kilikuwa na mwanamke ajuaye, na picha ya saa tatu haikumpa kazi nyingine ila kupendwa na kuachwa. Ingekuwa hadithi nyingine kabisa kama yeye ndiye angepelekwa mbele ya wazee na daftari mkononi.

Baada ya siku kadhaa tulimrudia dada. Tulikwenda na karatasi. Msomaji apate kuelewa kwamba kipande kile kimeandikwa kwa jina letu peke yetu tangu mwaka 1986, kwa kuwa sisi ndio mwanamume, na kwamba dada amekilima maisha yake yote bila ya jina lake kuwa popote. Tuliandika hati ya mapatano kwa Kiswahili, kwa mkono wetu, kwamba nusu ya juu pamoja na nyumba ni yake, na ayapendaye baada yake. Mwanetu wa kiume alikuwa amekwisha kutuuliza, kwa adabu lakini kwa uso uliokunjana, shangazi atamwachia nani. Tulimjibu kwamba hilo ni shauri la shangazi, na mpaka leo hajatutembelea.

Dada aliipokea karatasi, akaitazama juu na chini. Tulimwekea kidau cha wino kwa ajili ya dole gumba. Alikisukuma pembeni.

"Mama alitia dole kwenye karatasi asiyoisoma," akasema. "Mimi sitii. Mwalimu, umesomesha watoto wa watu miaka 40. Nisomeshe."

Tumeanza. Tunakwenda kila Jumanne na Ijumaa baada ya alasiri, na miwani ya mjukuu inamfaa. Herufi za darasa la 3 hazikuwa zimepotea zote, zilikuwa zimelala. Ametuchoka mara mbili, na mara moja alitwambia kwamba tunafundisha kwa haraka kwa sababu tumezoea kufundisha watu walio na wakati. Jumanne iliyopita tulifika mstari wa nne wa hati, kwenye neno "mpaka". Akalisoma kwa silabi, akainua kichwa, akauliza ni mpaka gani huo, ule wa shamba, au ule wa "mpaka lini". Tukamwambia asome neno linalofuata, ndilo litakalomwonyesha. Akaweka kidole chini yake, akaanza.